Je, Imetupasa Kuwaua Papa?



Somo letu la mwezi huu ni Zaburi ya 104, hasa mahali pale mwimbaji anapoyageuza macho yake kutoka nchi kavu na kuitazama bahari. Isomeni kwanza zaburi hiyo yote nyumbani mwenu, kisha yarudieni maneno haya. Mtaona ya kuwa mwimbaji hakuihesabu bahari kuwa shimo la adui. Aliihesabu kuwa nyumba iliyojaa watu wake, na Mwenye nyumba ni Mungu, naye huwagawia chakula wote wakaao humo, wadogo na wakubwa. Hata yule mnyama mkuu wa kutisha ametajwa humo, wala hakutajwa kwa laana. Ametajwa kama kiumbe achezaye mbele ya Muumba wake.

Tumelichagua somo hili kwa sababu ya swali ambalo watu wa pwani huulizana kila zinapofika habari za mtu aliyeumwa na papa katika nchi fulani. Wengine husema: “Papa auaye mtu na auawe yeye na kabila lake lote, ili watoto wetu waoge baharini kwa amani.” Wengine husema: “Aingiaye baharini amekwisha kuikubali hatari yake, tumwache papa alivyo.” Je, Mkristo aseme neno gani? Twataka kulijibu swali hili kwa habari za kisiwa cha Pemba. Watu wa Pemba huingia baharini kila siku, wala si kwa mchezo, bali kwa kutafuta riziki. Basi hatari ya bahari kwao si maneno ya kuzungumza barazani tu.

Tufikiri kwanza jinsi kisiwa kile kilivyo. Kati ya Pemba na bara ya Tanga pana mkondo wa bahari upatao kilometa 50 kwa upana, na kina chake kwa mahali fulani kimepita mita 800. Katika maji hayo hupita samaki wakubwa, nguru na jodari na papa. Wavuvi wa Kojani wanajulikana pwani yote kwa kuhama na kupiga dago mbali na kwao, wakifuata samaki. Wanawake wengi hulima mwani. Maji yakitoka huenda kuufunga na kuuchuma, na mara nyingi husimama ndani ya maji hata kiunoni. Wengine hutafuta pweza miambani. Watu hawa wote hawana nafasi ya kusema, “Tusiingie baharini.” Kwao bahari ndiyo shamba.

Tena tusiwaonee wavuvi kwa kunena kana kwamba kumvua papa ni dhambi. Wazee wa pwani wamemla papa tangu kale. Papa mkavu aliyetiwa chumvi aliletwa Unguja na Pemba katika majahazi, naye hupikwa kwa nazi katika nyumba nyingi hata leo. Mafuta ya ini lake, yaitwayo sifa, yalipakwa vyombo ili mbao zisiliwe na maji. Mungu alimpa Nuhu na wanawe ruhusa ya kula wanyama, na Bwana wetu mwenyewe aliwaandalia wanafunzi wake samaki juu ya makaa. Basi swali letu silo kwamba mvuvi ana haki ya kumtia papa chunguni. Swali ni kwamba tunayo haki ya kumwua kwa sababu ya hofu na kisasi, na kumfuta baharini ili sisi tusiogope tena.

Na hofu hiyo, ndugu, tuipime kwa mizani ya kweli. Jamii za papa duniani zimepita 500. Wengi katika hao ni wadogo, wala hawawezi kumdhuru mtu. Papa potwe, aonekanaye karibu na kisiwa cha Mafia, ndiye mkubwa kuliko samaki wote, lakini chakula chake ni vidudu vidogo vya maji na samaki wadogo. Jamii zilizopata kuua watu ni chache sana. Katika dunia nzima, wanaouawa na papa bila kuwachokoza ni kadiri ya watu 6 kwa mwaka mmoja. Lakini Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu kadiri ya 300,000 walikufa maji. Ndiyo kusema, kwa kila mtu mmoja aliyeuawa na papa, maelfu mengi walizama, wala hapakuwa na jino lililowagusa.

Hata hivyo mama aliyefiwa na mwanawe hafarijiki kwa hesabu. Imempasa kila mtu aandikaye juu ya neno hili akumbuke hivyo. Bwana Yesu alifundisha ya kuwa mtu mmoja hupita mashomoro wengi kwa thamani. Basi hupita na papa wengi vilevile. Kama kuwaua papa kungaliwaponya watu, tungalipaswa kulifikiri jambo hilo kwa moyo mzito, wala tusingaliweza kulikataa upesi. Kwa hiyo na tuulize: mahali walipojaribu, walipata nini?

Katika visiwa vya Hawaii, tangu mwaka 1959 hata 1976, serikali iliwaua papa zaidi ya 4,600. Wenye elimu walipozipima habari hizo baadaye, hawakuona kwamba kuumwa kwa watu kumepungua kwa sababu hiyo. Katika jimbo la Australia Magharibi, mwanzo wa mwaka 2014, serikali ilitega ndoana kubwa karibu na pwani ili kumpata papa mweupe mkubwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyedhaniwa kuua watu. Papa 172 walinaswa, wala papa mweupe hakuwamo hata mmoja. Waliouawa walikuwa wa jamii nyingine. Yaani kosa lilikuwa la mmoja, na hukumu ikawaangukia jirani zake.

Tusifiche na upande wa pili, maana ukweli usio mzima si ukweli. Huko Durban, Afrika ya Kusini, nyavu zilitegwa mwaka 1952. Na katika miezi ya mwisho ya 1957 na ya kwanza ya 1958, watu kadha wa kadha walikufa kwa kuumwa na papa katika pwani hizo za kusini, hata wageni wakazikimbia. Baadaye nyavu zikaenezwa mahali pengi, na tangu hapo vifo katika pwani zilizotegwa vimepungua sana. Lakini nyavu zile si ukuta wa kumzuia papa asipite. Ni mtego wa kumwua. Nazo hazichagui. Zimeua pomboo na kasa na taa na papa wasio na madhara, mwaka kwa mwaka, kwa ajili ya watu waliokwenda kuoga kwa kujifurahisha. Kila mtu na aamue mwenyewe kama bei hiyo yafaa. Sisi twasema hivi tu: nchi iliyopatwa na msiba ule ilikuwa na shida yake, bali Pemba haikupatwa nao. Si vema kuazima dawa ya ugonjwa usio wako.

Basi Pemba ilipatwa na nini? Hapa ndipo neno letu lilipo, ndugu, nasi twaomba mlisikilize kwa moyo.

Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, meli iitwayo Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama mbali kidogo na Nungwi. Meli hiyo ilipasa kuchukua watu 600 na kitu, lakini walioingia walizidi sana kiasi hicho. Waliookolewa peke yao walipita 600. Maiti zilizopatikana zilipita 200, na wengi wengine hawakuonekana tena. Pemba nzima ilivaa msiba. Je, ni papa aliyewazamisha? Sivyo. Waliuziwa nafasi isiyokuwapo. Chombo kilijazwa kupita nguvu zake, na mkono uliopokea nauli haukujua kusema “basi”.

Tena katika Kisiwa cha Panza, kusini ya Pemba, mwezi wa Machi 2024, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa kwa kula nyama ya kasa, na watu wengi walilazwa hospitalini. Na mwezi wa Novemba 2021 watu 7 walikuwa wamekufa huko Pemba kwa sababu iyo hiyo. Nyama ya kasa mara nyingine ina sumu, wala moto wa jiko hauiondoi; na watoto ndio wanaodhurika zaidi. Kasa hana meno, hamkimbizi mtu, wala hakuna baba amwambiaye mwanawe, “Jihadhari na kasa.” Lakini wale waliokufa walimla mezani, nyumbani, katika furaha ya chakula. Basi mwaona jinsi hofu yetu ilivyo kipofu. Yaogopa meno yanayoonekana, na mauti yaingia kwa mlango mwingine.

Watu husema, “Ajali haina kinga.” Methali hii ni ya kweli mahali pake, maana hakuna ajuaye siku yake. Lakini tusiitumie kuyafunika mambo tuliyoyatenda wenyewe. Dhoruba isiyotazamiwa ni ajali. Meli iliyojazwa watu mara mbili na zaidi si ajali. Ni dhambi juu ya amri ya tano. Katekismo Ndogo yatufundisha ya kuwa amri hiyo haitukatazi kuua tu, bali yatuagiza kumsaidia jirani katika kila shida ya mwili wake. Mwenye chombo aivunja amri hiyo kabla ya kung’oa nanga. Karani wa bandari aivunja akifumba macho. Nasi twaivunja, tukiona chombo kimeelemewa na kunyamaza kwa kuwa tuna haraka ya kufika.

Someni Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo aliwaonya wale waliosafiri naye kwamba safari itakuwa na hasara ya watu na mali. Lakini akida alimsikiliza nahodha na mwenye meli kuliko Paulo. Hapo hatusomi habari ya samaki mkali hata mmoja. Hatari ilianza kwa neno la mwenye faida. Na meli ilipovunjika, waliojua kuogelea walitangulia kujitupa majini, na waliosalia walishika mbao na vipande vya meli, hata wote wakafika pwani. Vivyo hivyo katika msiba wa mwaka 2011 wako waliookolewa kwa kushika magodoro yaliyokuwa katika shehena. Basi kujua kuogelea si anasa ya watalii. Huko Nungwi wako waliowafundisha wanawake na wasichana kuogelea, wakiwa wamevaa mavazi ya heshima kama desturi yao ipendavyo. Kazi hiyo yafaa kusifiwa. Mtoto wa pwani aliyefundishwa kuogelea amepewa kinga kubwa kuliko kama papa elfu wangaliuawa kwa ajili yake.

Lakini tukisema kwamba tuikubali hatari ya bahari, hatusemi tuidharau. Ibilisi alimwambia Bwana ajitupe kutoka kinara cha hekalu, kwa kuwa malaika watamchukua. Na Bwana akalikataa neno hilo, asimjaribu Mungu. Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu aliwaamuru Waisraeli wazungushe ukingo juu ya dari ya nyumba mpya, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya mwenye nyumba. Hakuwaambia waibomoe nyumba, wala hakuwaambia waiache dari wazi. Aliwaambia waweke ukingo. Basi na sisi tuweke ukingo wetu. Tusioge mahali panapotupwa matumbo ya samaki na damu ya machinjo. Tusiingie baharini jua likichwa, wala katika maji machafu ya mdomo wa mto baada ya mvua kubwa. Mtu asioge peke yake. Mvuvi apigaye samaki kwa mkuki chini ya maji asiwafunge kiunoni wakitoka damu, bali awatie ngalawani. Haya ni madogo, wala hayahitaji kuua hata papa mmoja.

Sasa na tuugeuze uso wa swali. Tumeuliza kama papa ni hatari kwetu. Tuulize na kama sisi si hatari kwake. Wenye elimu wamekadiria ya kwamba watu huwaua papa wapatao milioni 100 kila mwaka duniani. Wale wakaao katika bahari kuu, pamoja na taa wa huko, wamepungua kupita theluthi mbili tangu mwaka 1970. Papa hazai kama dagaa. Wengine hukaa miaka mingi kabla ya kuanza kuzaa, na mimba yao ni ndefu, na watoto wao ni wachache. Basi akiuawa upesi kuliko azaavyo, kabila lake lakatika. Ndiyo sababu mataifa yaliyokutana Bangkok mwaka 2013, kisha Panama mwaka 2022, yaliweka sheria juu ya biashara ya jamii nyingi za papa. Mapezi yao huuzwa ghali mbali sana na Pemba, na mara nyingi faida kubwa haimfikii mvuvi aliyehatirisha maisha yake.

Ng’ambo ya mkondo, katika maji ya Tanga, wavuvi walikuwa wakitega jarife, wavu wa matundu makubwa, katika kina kirefu kwa ajili ya papa. Baadaye nyavu hizo zikaanza kuleta samaki mgeni, silikanti, ambaye jamii yake ni ya kale sana hata wenye elimu walidhani zamani kwamba imekwisha kabisa duniani. Mwaka 2009 serikali ikatenga hifadhi ya bahari huko Tanga kwa ajili yake. Tulikuwa tukimtafuta papa, na mkono wetu ukamgusa mzee wa bahari tusiyemjua. Hili latufundisha unyenyekevu: hatujui yote yaliyomo katika nyumba ambayo twataka kuwafukuza wenyeji wake.

Mungu aliwaambia wanadamu wawatawale samaki wa baharini. Wengine hulishika neno hilo peke yake. Lakini kabla ya neno hilo aliwabariki viumbe wa majini wenyewe, wazidi na kuyajaza maji. Basi mtawala hana ruhusa ya kuiondoa baraka ya Mfalme wake. Katika sura ile ile ya 22 ya Kumbukumbu la Torati, aonaye kiota cha ndege aruhusiwa kutwaa makinda, lakini amwache mama aende zake. Hiyo ndiyo kanuni ya kuvua: ule, lakini usikate mbegu. Na ndugu zetu Waislamu wa Pemba walitutangulia katika jambo hilo. Kisiwa cha Misali, ambacho wenyeji husema kilipata jina lake kwa kuwa Nabii Hidhiri alikifanya msala wake wa kusali, kilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1998, na walimu wao waliwafundisha wavuvi kwa dini yao ya kuwa mwanadamu amewekwa kuwa mwangalizi, si mharibifu. Jirani akitenda mema, Mkristo na aseme kwamba ni mema.

Mwisho, mkumbukeni Yona. Katika chuo kile chote, aliyemkimbia Mungu ni nabii. Upepo ulitii, bahari ilitii, na samaki mkubwa alitii. Alimmeza Yona kwa amri, akamtapika kwa amri. Na katika neno la mwisho la chuo hicho Mungu amwuliza Yona kama haifai auhurumie mji ule mkubwa, wenye watu wengi, na wanyama pia. Wanyama wamo katika huruma yake. Sisi nasi, kila Jumapili tukikiri kwamba Mungu ndiye Muumba, twakiri kwamba ametuumba pamoja na viumbe vyote, wala hatukuruhusiwa kuwatoa papa katika ukiri huo.

Basi jibu letu ni hili. Mvuvi na avue kwa kiasi chakula cha watoto wake. Papa asiuawe kwa hofu wala kwa kisasi, maana yeye yumo nyumbani mwake, na sisi ndio wageni. Na ile bidii ambayo tungaliitumia kumwua, tuitumie kuyaondoa mauti yanayotoka katika mikono yetu wenyewe.

Ninyi walimu wa usharika mkaao pwani, mtakapokutana na watu wenu juu ya somo hili, waulizeni maneno matatu. Je, watoto wetu wajua kuogelea? Je, chombo tupandacho kina makoti ya kuelea, na hesabu ya watu yafuatwa? Je, yuko kati yetu alaye faida kwa kujaza watu kupita kiasi, nasi twanyamaza kwa kuwa ni ndugu yetu? Swali la tatu ndilo gumu. Msiliache.

Bwana aliyeukemea upepo na bahari awalinde wote wasafirio majini, na wavuvi wa usiku, na wanawake walimao mwani, awafariji waliofiwa, tena atupe moyo wa kuogopa lipasalo kuogopwa. Amina.